Mzazi, usipuuze koo la mwanao, moyo wake uko hatarini

MTOTO anarudi kutoka shuleni Igoma, hataki kula, anasema koo linauma. Nyumbani anasukutua kwa maji ya chumvi, anapewa vidonge vilivyobaki kabatini, au anapelekwa kukatwa kimeo. Baada ya siku tatu anacheza, na kila mtu anasahau.

Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi, hasa yakija na mafua, na huisha yenyewe. Mengine huletwa na bakteria aitwaye streptokokasi, na hayo ndiyo ya kuogopa, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15.

Chembe nyeupe za damu ni askari wa mwili. Hujifunza sura ya adui ili wamtambue na kumshambulia. Tatizo ni kwamba baadhi ya protini za bakteria huyu zinafanana na za moyo. Kwa baadhi ya watoto, wiki mbili au tatu baada ya koo kupona, askari hao hukosea na kushambulia viungo na valvu za moyo. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki. Ikijirudia, valvu hupata makovu na kushindwa kufunga au kufunguka vizuri.

Dalili zake ni homa na maumivu ya viungo yanayohama, leo goti, kesho kiwiko. Wengi hudhani mtoto anakua tu. Miaka baadaye huja uchovu, kupumua kwa shida na miguu kuvimba. Wapo mabinti wanaogundulika wakiwa tayari wajawazito.

Kukata kimeo hakuui bakteria, na kunaweza kusababisha mtoto kutokwa damu nyingi. Mpeleke zahanati mapema. Antibayotiki ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, huzuia homa hii. Amalize dozi hata akijisikia nafuu.

Aliyekwisha kuugua homa hiyo huhitaji sindano ya penisilini ya benzathini kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Familia za wavuvi zinazohamia Ukerewe au Kome zibebe kadi yake na kuulizia sindano kabla ya siku kufika.

Valvu ikishaharibika, vidonge haviirudishi. Wengine huishia kuhitaji upasuaji. Basi jioni hii, mwanao akisema koo linauma, mpime joto, mpapase shingo kama ina tezi, na kesho asubuhi mfike zahanati.