Beyi ya zahabu inapanda, juu ya nini deni letu halishuki?

Ndugu wachimbaji, wamama watwangaji, na ninyi wote mnaokula kwa jasho la shimo: mwezi wa Oktoba 2025 beyi ya zahabu katika soko la dunia ilipita dola 4.000 kwa onsi moja. Onsi ni gramu 31,1. Ni kusema gramu moja ya zahabu safi ilifika dola 128 na zaidi. Mwisho wa mwaka 2015 onsi ile ile ilikuwa karibu dola 1.060 tu. Ingefaa leo Kamituga, Misisi na Mongbwalu watu wawe wanajenga. Lakini ukiuliza kwenye shimo, jibu ni lile lile: "Tunachimba juu ya deni."

Sababu ya beyi kupanda iko wazi. Wakubwa wa dunia wanaogopa makaratasi. Mwisho wa 2024 deni la serikali ya Marekani lilipita dola bilioni elfu 36. Banki kuu za inchi mbalimbali, zile zinazotoa noti, zilinunua zahabu zaidi ya tani 1.000 kila mwaka, 2022, 2023 na 2024. Wao wanaacha noti wanatafuta zahabu. Sisi tunatoa zahabu tukitafuta noti, tena noti ya kulipia deni.

Na hizo noti tunazijua. Wazee wanakumbuka mwaka 1993, wakati zaire mpya moja ilichukua nafasi ya zaire 3.000.000 za zamani. Franka ya sasa ilipotoka 1998, dola moja haikufika franka 2. Leo dola inapita franka 2.000. Mwaka 2025 franka ikapata nguvu kwa ghafla, na mwenye dola akakuta sokoni beyi ya unga haikushuka hata kidogo. Huku Kivu dola ikipasuka pembeni inakataliwa, na banki za Goma na Bukavu zilifunga milango mwanzoni mwa 2025. Kwa hiyo mama anayeficha renge mbili za zahabu juu ya minervali ya watoto, mimi simcheki.

Shida yetu kubwa iko kwenye deni lenyewe, na namna linavyohesabiwa. Tuchukue mfano. Umekopa dola 600 kwa negosia: pompe, mazutu, unga, maharagi. Siku ile gramu kwenye shimo ni dola 60. Negosia anaandika: "gramu 10." Miezi inapita, gramu inafika dola 100. Unamletea gramu 10, ni kusema dola 1.000. Kama angeandika dola 600, ungelipa gramu 6 tu. Gramu 4 zimeenda, na hakuna aliyekuiba: wewe mwenyewe ulikubali hesabu hiyo bila kuuliza.

Wengine wanaandika deni kwa dola, lakini beyi ya gramu inabaki ya siku ya kukopa. Matokeo ni yale yale. Kukopa arusi, kulipa matanga.

Negosia naye ana neno lake. Shimo likijaa maji, au mwamba ukikataa, feza zake zimepotea. Bila yeye, pompe nyingi hazingewaka. Ni kweli, na haki yake apate faida. Lakini faida hiyo isemwe mbele, kwa namba, ili PDG na wachimbaji wake waijue kabla ya kushuka.

Na tusidanganyane kwamba beyi inapanda tu. Mwaka 2011 onsi ilipita dola 1.900, kisha ikaanguka mpaka 2015. Katika mfano wetu, gramu ikishuka mpaka dola 50, deni la dola 600 litakula gramu 12. Feza nyeupe ndiyo inayumba zaidi: mwaka 1980 ilikaribia dola 50 kwa onsi, na mwaka ule ule ikaanguka vibaya. Basi kuweka akiba ya zahabu uliyochimba, sawa. Kukopa ili ununue zahabu ukingojea ipande, hapana. Huo ni mchezo wa wenye tumbo lililoshiba.

Ninaomba mambo matatu. La kwanza: deni liandikwe kwa feza ile uliyopokea, dola au franka, na lilipwe kwa beyi ya siku ya kulipa. Karatasi mbili, kila mtu na yake. La pili: koperativi na wakubwa wa SAEMAPE waandike beyi ya siku kwenye ubao, pale karibu na balansi, kila mtu asome. Beyi ya dunia inafika kwenye telefone ya negosia kila asubuhi. Ifike na kwa mtwangaji. La tatu: tukopeshane sisi wenyewe kwanza. Likelemba na AVEC za wamama zimelipa minervali na hospitali bila kuomba hata gramu moja ya shimo. Pompe ndogo nayo inaweza kutoka humo.

Dawa ya deni ni kulipa, wazee walisema. Lakini kabla ya kulipa, hesabu. Kesho ukienda kwa negosia, muulize neno moja tu: "Deni langu umeliandika kwa gramu ao kwa dola?" Kama anasita kujibu, usiweke kidole chako kwenye karatasi.