UKURASA WA AFYA: Sindano Moja, Mtu Mmoja

Mwezi huu tunataka tuongee jambo ambalo nyumbani watu hulisema kwa sauti ya chini: vijana wanaojidunga madawa ya kulevya.

Wengine watasema, "Hayo ni ya Mombasa na Dar es Salaam, siyo ya Kasese." Lakini Bwera ni mji wa mpakani, na malori na watu hupita pale Mpondwe kila siku. Tena hatari yenyewe sisi tuliotoka Kongo tunaijua. Mwaka 1976 kule Yambuku, Ebola ilipotokea, hospitali ilikuwa inatoa sindano tano tu kila asubuhi kwa wagonjwa wote. Akidungwa huyu, anadungwa na yule kwa ileile. Wagonjwa wengi wa mwanzo waliambukizwa hivyo, na watu 280 walikufa.

Sindano haijali kama ndani yake kuna kwinini au heroini. Damu kidogo, hata ile isiyoonekana kwa macho, inabaki kwenye bomba. Inaweza kubeba virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini B na C. Vile vya homa ya ini C vinaweza kuishi kwenye bomba kwa wiki kadhaa. Kusuuza kwa maji tu hakutoshi. Kijiko, pamba na maji ya kuchanganyia navyo huambukiza.

Sasa tufanyeje?

1. Kuacha ndiyo bora. Asiyeweza bado, atumie sindano mpya kila mara. Asiazime, asimwazimishe mtu.

2. Aliyetumia sindano ya mwenzake aende hospitali siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI huanzwa kabla ya saa 72 kupita.

3. Aombe kupimwa. Homa ya ini B ina chanjo. C haina chanjo, lakini vidonge vya kuiponya vipo.

4. Akiona jipu au uvimbe pale alipojidunga, au akipata homa, asingoje.

5. Sindano iliyotumika isitupwe ovyo, watoto wetu wanacheza pekupeku. Itiwe kwenye chombo kigumu chenye kifuniko, ipelekwe kliniki.

Nanyi wazazi, mkigundua mtoto anajidunga, tafadhali msimfukuze. Akifukuzwa ataenda kichakani kwa wenzake, na huko sindano ni moja kwa wote. Uraibu ni ugonjwa, na una matibabu. Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kutoa methadoni mwaka 2011. Hapa Uganda, hospitali ya Butabika, Kampala, ilianza mwaka 2020. Ni dawa ya kunywa kila siku mbele ya mhudumu. Inatuliza arosto, yaani yale maumivu ya kukosa dawa, ili mtu asihitaji kujidunga.

Kampala ni mbali, tunajua. Ila mhudumu wa afya yuko karibu. Mwende naye mtoto, mzazi mbele, bila kelele.

Tukutane mwezi ujao. Mbaki salama.