Popo Hawafukuzwi kwa Moshi Wala kwa Risasi

Kila jioni, jua linapotua nyuma ya milima ya Kongo na wavuvi wa Rumonge wakitengeneza taa zao kwenda kuvua ndagala, wako wakazi wengine wa mji huo ambao nao huianza zamu yao. Hutoka mmoja mmoja, kisha kwa makumi, chini ya mabati ya nyumba za zamani, wakapita juu ya michikichi kuelekea ziwani. Alfajiri hurejea. Hao ni popo, na katika nyumba wanazozipenda zimo nyingi tulizokabidhiwa sisi wenye sare.

Jambo hilo halina ajabu. Kutoka Kabezi na Magara hadi Rumonge na Nyanza-Lac, si haba majengo yaliyosimama tangu enzi ya Wabelgiji, au tangu miaka ya kwanza ya Uhuru tulioupata mwaka 1962. Paa zake ni za juu, dari zake ni za mbao zilizopinda, na pale bati linapokutana na ukuta kila mgongo wa bati umeacha tundu la nusu mwezi. Mafundi wa siku zile walijenga ili hewa ipite, na hewa ikapita pamoja na popo. Na tangu Ziwa Tanganyika lilipopanda na kuzimeza nyumba za ufukweni, hasa mwaka 2024, familia zilizohama zilitafuta hifadhi popote palipopatikana paa. Kwa hiyo swali la namna ya kuishi na popo, au ya kuwatoa, si la kambini peke yake. Raia hutuuliza, nasi hatuna budi kuwajibu kwa mfano kabla ya kuwajibu kwa maneno.

Mfano tuliowahi kuutoa si mzuri. Miaka kadhaa iliyopita, katika kituo kimoja cha pwani hii ambacho hatutakitaja, zilikuja habari kwamba mkubwa angefika Jumatatu kukagua. Ijumaa ikatoka amri: popo waondolewe. Hakuna aliyeuliza kwa njia gani. Siku ya pili yake, saa sita mchana, vijana wakawasha majani mabichi na kipande cha tairi chini ya dari. Mmoja akapendekeza bomu la machozi, na ni bahati tu kwamba alikatazwa. Kabla ya jua kuchwa matundu yote yalikuwa yamezibwa kwa matambara na udongo. Jumatatu ukaguzi ukapita, na pongezi zikatolewa.

Jumatano harufu ikaanza. Waliokufia darini walioza, funza wakadondoka juu ya meza ya mapokezi. Waliosalia hai, wakitafuta njia ya kutokea, wakateremka kwa ufa wa dari katika chumba cha koplo mmoja walimolala watoto wake watatu. Binti wa miaka sita aliamka na mchubuko shingoni. Baba yake alikwenda hadi Bujumbura kutafuta chanjo, na sindano zilirudiwa kwa wiki kadhaa huku mama yake akimtazama usiku kucha kama anayetazama mgonjwa mahututi. Binti huyo ni mzima, na sasa anasoma. Lakini mwandishi wa maneno haya ndiye aliyeisoma amri ile mbele ya gwaride, na mchubuko ule haujamtoka machoni.

Kosa halikuwa la vijana wale. Askari hutii. Kosa lilikuwa la amri iliyotaja siku bila kutaja njia, na tunalisema hili kwa heshima zote kwa wakubwa wetu: amri ya namna hiyo bado hutolewa.

Tukumbuke kwanza tunashughulika na nani. Popo wa darini, kwa kawaida, ni wale wadogo walao wadudu. Joto la chini ya bati ambalo mtu asingelivumilia wao hulistahimili. Usiku hula nondo, mbawakawa na mbu. Hatusemi kwamba watatukinga na malaria, maana yule aliyekuwako mwaka 2017, serikali ilipotangaza malaria kuwa mlipuko wa nchi nzima, anajua kwamba chandarua hakina mbadala. Lakini aliye na shamba la mihogo au mahindi karibu na kambi ana rafiki asiyemlipa mshahara. Popo wakubwa walao matunda ni wengine. Hao hulala mitini na mapangoni, na ndio wanaozitawanya mbegu za miti ya porini.

Madhara nayo yapo, wala haifai kuyaficha. Mwaka 2007 daktari mmoja kutoka Uholanzi, akiwa matembezini nchini Kenya kati ya mbuga mbili za Tsavo, alikwaruzwa puani na popo. Jeraha lenyewe lilikuwa dogo. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa amefariki kwao, kwa virusi vya Duvenhage vilivyo ndugu wa virusi vya kichaa cha mbwa. Mwaka 2011 wanafunzi wa elimu ya viumbe waliingia ndani ya mti wenye uwazi uliojaa popo katika msitu wa Uganda. Walikuwa kundi la watu 24, na 13 kati yao waliugua mapafu kwa kuvuta vumbi lenye kuvu liotalo katika kinyesi. Na mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba katika popo wa darini huko Sierra Leone wamekuta virusi vipya vya jamii ya Ebola, wakaviita Bombali kwa jina la wilaya ile. Baadaye vikaonekana Kenya pia. Hakuna mtu anayejulikana kuugua kwa virusi hivyo. Hata hivyo askari mwenye akili hashiki popo kwa mkono mtupu, hamli, wala hamwachii mtoto amchezee.

Basi atatokea wa kusema: ikiwa ni hivyo, si afadhali kuwaua wote? Jibu liko katika machimbo ya Kitaka, magharibi mwa Uganda. Mwaka 2007 wachimbaji wa huko walipatwa na homa ya Marburg. Ndani ya machimbo walikuwamo popo wa matunda zaidi ya 100,000. Ikaamuliwa wamalizwe, milango ikazibwa kwa matete na nyavu, popo wakafa kwa malundo. Miaka michache baadaye wachache walirudi. Walipopimwa mwaka 2012, wenye virusi walikuwa kiasi cha 13 katika kila 100, ambapo kabla ya mauaji walikuwa kama 5. Mwaka huo huo Marburg ikazuka tena katika eneo lile, kubwa kuliko ilivyowahi kuonekana Uganda. Wataalamu walieleza kwamba wageni waliokuja kujaza nafasi hawakuwa na kinga, na ugonjwa ukawapitia kama moto katika nyasi kavu. Popo wale wa mapangoni si hawa wa darini kwetu, na tusiwachanganye. Lakini majirani zetu wameugua, Tanzania katika mkoa wa Kagera mwaka 2023 na tena 2025, Rwanda mwaka 2024, na hofu ikivuka mpaka huleta moshi na marungu. Wakati huo ndipo raia watakapotutazama sisi.

Iko pia sheria. Burundi ina Sheria ya Mazingira tangu mwaka 2000, iliyorekebishwa mwaka 2021, na ina sheria ya mwaka 2011 juu ya biashara ya wanyama na mimea ya porini. Ofisi ya Burundi ya Kulinda Mazingira, OBPE, ndiyo yenye dhamana, na ndiyo ya kuulizwa kabla ya kugusa kundi kubwa, hasa karibu na hifadhi za msitu wa Rumonge na wa Kigwena. Polisi atakayemkamata raia kwa kuchoma mti wenye popo, naye jana alimwaga sumu ya shambani darini mwake, atasema nini mbele ya hakimu? Sumu ile, kwa taarifa yake, hubaki katika mbao na kuvutwa na watoto wake muda mrefu baada ya popo kuondoka. Ama risasi, tusipoteze wino. Risasi ni mali ya taifa, na tundu lake katika bati litapitisha mvua ya Oktoba.

Njia iliyo sahihi ni nyepesi kuliko vita, ila inataka subira, na subira ya ulinzi ndiyo tuliyofundishwa. Popo hutoka wenyewe kila jioni. Kazi yetu ni kuhakikisha hawarudi. Wawekwe askari wawili au wanne, kila mmoja kona yake ya jengo, kuanzia saa kumi na mbili kasorobo jioni hadi giza liingie, kwa siku tatu mfululizo. Waandike wanatokea wapi. Mchana watafute alama: ukuta wenye mafuta meusi chini ya tundu, na kinyesi kama cha panya ambacho kikisagwa kwa kijiti huwa unga wenye vipande vya mabawa ya wadudu vinavyometa. Mwanya wa upana wa kidole unatosha popo kupita, kwa hiyo asiseme mtu kwamba tundu ni dogo.

Yazibwe kwanza matundu wasiyoyatumia, kwa saruji, mbao au wavu wa chuma, pamoja na kila ufa wa dari unaoelekea vyumbani. Huo wa vyumbani ndio tuliousahau siku ile. Matundu wanayoyatumia yaachwe wazi, na juu ya kila moja pigiliwe wavu wa matundu madogo kama ule wa madirishani, ubanwe juu na pembeni, uachwe wazi chini, ukining'inia nusu mita chini ya tundu. Popo akitoka huteleza ukutani hadi chini na kuruka. Akirudi hutua pale pale alipozoea kuingilia, akakuta wavu, na hana akili ya kuzunguka chini. Nyavu za kuvulia zisitumike, maana humnasa akafia humo, na vyandarua vilivyogawiwa kwa ajili ya kulalia vibaki vitandani. Baada ya siku saba, kama jioni mbili mfululizo hakuna aliyetoka, wavu uondolewe na tundu lizibwe siku hiyo hiyo.

Lakini yote hayo yasifanywe ikiwa ndani mna watoto wasioweza kuruka. Mama akizuiwa nje, watoto hufa darini, na hapo tunarudi kwenye funza. Popo wa aina hii katika nchi za joto waweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, hivyo kalenda peke yake haitoshi. Wakubwa wakishatoka jioni, mtu asimame chini ya dari kimya asikilize. Akisikia vilio vyembamba, angoje wiki sita.

Darini husafishwa mwisho, nako ndiko wengi wanakojidhuru kwa ufagio mkavu. Kinyesi kilowanishwe kwanza kwa maji yenye dawa ya kuulia vijidudu, kingoje nusu saa, kisha kizolewe kwa koleo na kutiwa mifukoni, mtu akiwa amefunika pua na mdomo kwa barakoa iliyobana, mikono mirefu na glavu. Asiyekuwa na kazi atoke nje. Kikifukiwa mbali na kisima, shamba halitakikataa.

Na ikitokea mtu ameumwa au kukwaruzwa, au mtoto ameamka na kumkuta popo chumbani, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, na aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kuulizia chanjo ya kichaa cha mbwa. Asingoje dalili. Ugonjwa ule ukishaonyesha dalili, daktari hana la kufanya.

Tunawaomba wakuu wa vituo vya pwani wasiandike tena tarehe peke yake katika amri zao. Mvua hukatika mwishoni mwa Mei, na kuanzia hapo kuna miezi mitatu mikavu ya kukaa nje jioni, kusikiliza, kutundika wavu na kuziba. Mita tano za wavu na mfuko mmoja wa saruji ni vitu ambavyo bohari yaweza kuvitoa bila kuandikiwa barua mbili.