Marekani: Kumchagua mwanafunzi leo, kumngoja miaka mitatu

Mwisho wa mwezi wa nne wa kila mwaka, ekipe 32 za NFL, shampiona kubwa ya futiboli ya Marekani, zinachagua vijana wanaotoka vyuo vikuu. Raia wengi wa inchi hiyo wanafanya uchaguzi wao pia, wakiwa nyumbani na simu mkononi. Hawana uwanja wala kocha, na hawalipi mshahara wa mchezaji hata mmoja. Lakini wanabishana juu ya vijana wa miaka 19 ao 20 kama wachuuzi wanaobishana juu ya bei ya dhahabu.

Mchezo huo unaitwa fantasi. Kila mtu anaunda ekipe yake ya kubuni kwa majina ya wachezaji wa kweli. Mchezaji akikimbia sana na mpira ao akiudaka vizuri siku ya mechi, yule aliyemchagua anapata alama. Mambo hayo yalianza Oakland, California, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwa Bill Winkenbach, mmoja wa wenye hisa katika ekipe ya Raiders, na rafiki zake.

Katika ligi ya kawaida, majina yanafutwa kila mwaka na watu wanaanza upya. Katika ligi ya muda mrefu, mchezaji uliyemchukua anabaki wako mpaka umuuze, umwache ao astaafu. Kuna hata ligi zinazoruhusu kumchukua mwanafunzi ambaye bado yuko chuoni, miaka miwili ao mitatu kabla NFL haijamwita. Hapo hesabu inakuwa ngumu. Na tangu mwaka wa 2021, sheria mpya za feza katika vyuo zimeifanya kuwa ngumu zaidi.

Umri, kazi na nafasi

Kwa sheria ya NFL, kijana hawezi kuchaguliwa mpaka miaka mitatu ipite tangu amalize shule ya sekondari. Kwa hiyo anayemchukua mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba atangoja.

Wenye uzoefu wanaangalia mambo matatu. La kwanza ni umri: kijana anayetamba akiwa na miaka 19, mbele ya wapinzani wa miaka 22, anaonyesha zaidi kuliko yule anayetamba akiwa mkubwa kuliko wenzake. La pili ni kazi anayofanya uwanjani. Wanaobeba mpira na kukimbia wanagongwa mara nyingi, na wengi wao nguvu zinashuka wakikaribia miaka 27 ao 28. Kwotabaki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, anaweza kudumu sana. Tom Brady alicheza mpaka miaka 45. La tatu ni nafasi ambayo NFL inamchagua, kwani ekipe iliyomchukua kijana katika raundi ya kwanza inampa muda hata akikosea.

Lakini jambo hilo la tatu ndilo linalowaumiza wanaochagua mapema, maana bado halijulikani. Mwaka wa 2025, wachambuzi wengi walimweka kwotabaki Shedeur Sanders wa chuo kikuu cha Colorado katika raundi ya kwanza. Alingoja mpaka raundi ya tano, nafasi ya 144, ndipo Cleveland ikamchukua. Aliyekuwa amemshikilia katika ligi yake tangu zamani aliona thamani yake inaanguka kwa siku tatu.

Hata wakubwa wanakosea

Wenye kazi hiyo kwa mshahara hawako salama zaidi. Mwaka wa 2021, San Francisco ilitoa nafasi tatu za raundi ya kwanza ili ipande na kumchukua Trey Lance, wa tatu katika orodha nzima, ingawa mwaka uliotangulia alikuwa amecheza mechi moja tu chuoni. Mwezi wa nane 2023 ilimtoa kwa Dallas kwa nafasi moja ya raundi ya nne. Aliyeshika kazi yake ni Brock Purdy, mchezaji wa mwisho kabisa kuchaguliwa mwaka wa 2022, nafasi ya 262. Purdy alifikisha ekipe hiyo kwenye fainali ya Super Bowl ya mwezi wa pili 2024.

Puka Nacua naye aliitwa katika raundi ya tano mwaka wa 2023. Msimu huo wa kwanza alidaka mipira 105, rekodi ya wakati huo kwa mchezaji mpya. Ndiyo maana wanaocheza fantasi kwa akili hawaweki matumaini yote kwa kijana mmoja. Wanakusanya nafasi nyingi za kuchagua, kwa kuwa wanajua kwamba nyingi zitapotea.

Feza zimebadilisha saa

Zamani mwanafunzi hodari alikuwa na haraka ya kutoka chuoni, maana huko hakuruhusiwa kulipwa. Tangu tarehe 1 mwezi wa saba 2021, wanafunzi wanaweza kupata feza kwa matangazo na matumizi ya jina lao. Mwezi wa sita 2025, mahakama ilikubali mapatano yanayoruhusu vyuo vyenyewe kulipa wanamichezo wao, mpaka karibu dola milioni 20.5 kwa kila chuo katika mwaka wa kwanza. Tena, tangu 2024 mwanafunzi anaweza kuhama chuo zaidi ya mara moja bila kukalishwa msimu mzima, masomo yake yakiwa sawa.

Matokeo yanaonekana. Mwaka wa 2021, wanafunzi zaidi ya 120 waliomba kuingia NFL kabla ya kumaliza miaka yao ya kucheza chuoni. Mwaka wa 2024 hawakufika 60. Kwa mwenye ligi ya muda mrefu, kijana aliyedhani atampata baada ya miaka mitatu anaweza kukaa minne ao mitano, na kufika akiwa na umri mkubwa zaidi. Kwa kijana mwenyewe, hiyo ni habari njema: anaweza kungoja na kukomaa huku analipwa.

Mzaliwa wa Kinshasa

Wakongomani wana mfano wao. Tshimanga Biakabutuka alizaliwa Kinshasa mwaka wa 1974, akakulia Québec, Kanada, kisha akaenda chuo kikuu cha Michigan. Mwezi wa kumi na moja 1995, mbele ya Ohio State ambayo ilikuwa haijashindwa, alikimbia yadi 313, karibu metre 286, katika mechi moja. Mwaka wa 1996, Carolina ilimchagua wa nane katika inchi nzima. Msimu huohuo goti liliharibika. Aliendelea kucheza mpaka 2001, lakini katika msimu hata mmoja hakufikisha yadi 1,000.

Leo familia nyingi zilizotoka Kivu, Ituri na Tanganyika zinaishi Marekani, kwani kwa miaka kadhaa Congo ilikuwa kati ya inchi za kwanza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa huko. Watoto wao wanasoma katika shule ambamo futiboli hiyo inachezwa kila Ijumaa jioni. Siku moja baba ao mama atasikia kwamba jina la mwana wake linatajwa na watu wasiowajua, na kwamba wengine wamekwisha kumchagua. Habari itafika Uvira ao Beni kabla ya usiku.

Ni vizuri kujua maana yake. Kwa hesabu ya NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, wanafunzi chini ya 2 kwa 100 wanaocheza futiboli chuoni wanafika kwenye shampiona ya kulipwa. Jina katika ligi ya fantasi halimletei kijana hata dola moja. Akivunjika goti, aliyemchagua anafuta jina lake katika simu na kuandika lingine. Yeye na wazazi wake wanabaki na goti hilo. Karatasi za kushika ni mkataba uliosainiwa, bima ya matibabu na diploma. Mzazi aulize hizo kwanza, kabla ya kuuliza mwana wake ni wa ngapi katika orodha.