Musituambie tena eti rezo imekatika

Hapa Bunia, wahami wa vita wanapiga mustari tangu alfajiri ili majina yao yaandikwe. Kila siku, kufika saa nane ya mchana, mashine inagoma. Wanaambiwa: rezo imekatika, murudi kesho. Uongo! Simu zetu zilikuwa na rezo saa ile ile.

Programu inayokesha kwenye seva ina kipimo chake. Kwenye Linux, mara nyingi ni faili 1024 wazi kwa wakati mmoja, na kila kompyuta au simu inayoungana nayo inahesabiwa kama faili. Mwenye kuandika programu akisahau kufunga, hesabu inapanda tu, mpaka inakataa mutu mwingine. Fundi anaizima, anaiwasha, hesabu inarudi chini, wanamupigia makofi. Kesho ni vilevile.

Kuongeza kipimo ni kununua siku chache tu. Wakubwa wa kazi hiyo, musome daftari la seva. Kosa limeandikwa mule. Na wakati munatengeneza, muandike majina kwa karatasi. Mama aliyetembea na mtoto mgongoni asirudishwe juu ya faili ambayo hakuifungua yeye.