Nani Aliyeonyesha Nyumba?

Kila mara uchaguzi unapokaribia, hapa Katanga twasikia neno moja, hata mbele ya mlango wa kanisa: «Politiki ni jambo la wakubwa. Sisi wadogo tusalimiane vizuri, tunyamaze, nayo itapita.» Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wengi ni baba na mama wenye heshima. Lakini neno lao ni la uongo, nasi twalikataa wazi.

Twalikataa kwa sababu ya mambo ya mwaka 1992 na 1993. Sisi tulio na miaka thelathini na kitu hatukuyaona kwa akili timamu. Tulikuwa mgongoni mwa mama zetu, au hatujazaliwa. Wazee wetu waliyaona, na wengi wao hawapendi kuyasema.

Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa, kule Kinshasa, ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa Waziri wa Kwanza mahali pa Nguz a Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Kule mbali ilikuwa hesabu ya kura tu. Huku kwetu ikawa moto. Kwanza Likasi, kisha Kolwezi katika Machi 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa makazini na nyumbani. Walilala miezi na miezi kwenye vituo vya gari la moshi, wakingoja mabehewa yasiyofika, na watoto wakafa pale kwa njaa na kuhara. Mamia ya maelfu waliondoka. Gavana wa wakati ule, Kyungu wa Kumwanza, pamoja na vijana wa chama cha UFERI, walikuwa wamekwisha kuwapa watu hao jina: bilulu, maana yake wadudu. Na mdudu hana jirani.

Lakini twauliza swali moja, na tunaomba msomaji asilikimbie. Kijana aliyetoka kartye nyingine na fimbo yake alijuaje kwamba lupango hii ni ya Mkasai na ile siyo? Watu wale walisema Kiswahili kilekile cha Katanga. Walikula bukari ileile na sombe ileile. Watoto wao walizaliwa katika hospitali zilezile za kompani. Baba zao, na wengine babu zao, waliletwa na Union Minière tangu miaka ya 1920, na reli iliyofika Ilebo mwaka 1928 iliwaleta wengine zaidi. Usoni hawakuwa na alama. Basi mara nyingi ilihitajika mtu wa avenyu kunyosha kidole. Gavana aliweza kutoa hotuba. Majina ya watu wa kila lupango hakuyajua. Aliyeyajua ni yule aliyeazima chumvi.

Ndiyo maana twasema kwamba ujirani si jambo dogo lililo nje ya politiki. Wenye kuchochea walijua hivyo kuliko sisi. Walianza kwa kuharibu neno «jirani», kwa maana bila kulivunja hilo fimbo zisingejua njia. Na salamu haikuwazuia hata kidogo! Katika Likasi watu walisalimiana mpaka asubuhi ile.

Wengine watatujibu: «Ninyi mwasahau madharau ya hao Wakasai. Walituita wavivu. Walishika ofisi zote.» Hatusahau. Ni kweli kompani na misioni, wakati wa Wabelgiji, ziliwapendelea wengine na kuwaacha wenyeji nyuma. Ni kweli kwamba mwaka 1957, Elisabethville ilipochagua wakuu wa komini kwa mara ya kwanza, wengi wa weusi waliopata viti hawakuwa watu wa Katanga, na uchungu ule ulisaidia kuzaa CONAKAT mwaka uliofuata. Madharau nayo yalikuwapo, hata yapo leo, na Mkasai anayemcheka mwenyeji kwa kuwa hajui biashara anapanda mbegu mbaya. Hayo yasemwe mchana, katika kikao, mbele ya mwenyewe. Lakini tangu lini deni la kompani likalipwa na mama anayeuza mikate? Mwaka 1961 Baluba kwa makumi ya maelfu walikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa pale Elisabethville. Mwaka 1992 tena. Mara mbili deni lilidaiwa kwa njia hiyo, na mwenyeji wa Katanga hakutajirika. Kazi za mgodi zilizidi kuanguka, na shule zikabaki bila walimu wengi.

Kuna waliotenda vingine. Wazee hutuambia habari za mtu aliyesimama mlangoni pa mwenzake akasema, «Hapa ni kwa shemeji yangu,» ingawa hawakuoana kamwe. Hakuwa mtu wa chama chao. Pengine katika uchaguzi angempinga shemeji huyo wa uongo kwa nguvu zote, na ilikuwa haki yake. Wema wake haukumwomba abadili kura. Ulimwomba asimame pale dakika tano, na dakika hizo zingeweza kumpotezea nyumba yake mwenyewe.

Leo Katanga imegawanywa kuwa majimbo manne tangu 2015, na kidole hakihitaji tena kunyoshwa barabarani: simu yatosha. Mtu hupokea sauti ya kutukana kabila fulani, hucheka, huituma kwa wenzake ishirini, kisha huenda kumsalimu jirani wa kabila lilelile. Mtu huyu ndiye tunayeshindana naye katika ukurasa huu. Atasema ni mchezo. Basi aicheze sauti ile kwa nguvu uani, jirani akiwa nje anaanika nguo, tuone kama atathubutu.