Pamba Yetu na Itoe Ushuhuda wa Kweli



Ndugu waamini, wazee wetu wa Nassa na wa mwambao wote wa Ghuba ya Speke wanaukumbuka vema mwaka 1999. Mwaka ule Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria, kwa kuhofia kwamba baadhi yao walivuliwa kwa sumu. Wenye hatia walikuwa wachache, bali walioadhibiwa walikuwa wote. Bei ya sangara iliporomoka mialoni, na mvuvi aliyetega nyavu zake kwa haki hakuwa na njia ya kujitenga na yule aliyemwaga sumu, kwa maana samaki akishafika kiwandani hana jina wala kwao. Samaki mmoja akioza, wote wameoza.

Tunalikumbusha jambo hilo kwa sababu mfano wake unaikaribia pamba. Tarehe 18 Julai 2024 ilianza kutumika huko Ulaya sheria inayotaka bidhaa za aina nyingi, hatua kwa hatua, ziwe na pasipoti ya kidijitali. Nguo zilitajwa miongoni mwa bidhaa za kwanza katika mpango wa kazi uliotolewa Aprili 2025, ingawa kanuni zake za kina zilibaki kuandaliwa. Nia ni kwamba mnunuzi aielekeze simu yake kwenye alama iliyobandikwa katika shati, naye asome habari za malighafi na za utengenezaji wake.

Sheria hiyo haimwamuru mkulima wa Busega, Bariadi wala Meatu. Inamwamuru yule auzaye nguo Ulaya. Lakini muuzaji huyo atamwuliza mshonaji, mshonaji atamwuliza mwenye kiwanda cha nyuzi, naye atamwuliza aliyenunua marobota Tanzania. Mwishowe swali litatua mezani kwa katibu wa chama cha msingi: pamba hii imetoka kwa nani? Simiyu ndio mkoa unaoongoza nchini kwa zao hili, na sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania huuzwa nje. Hatuwezi kusema kwamba swali hilo halituhusu.

Je, tunalo jibu? Pamba ya kaya nyingi huchanganywa ghalani, kisha kiwandani, na robota moja hubeba jasho la watu wasiojuana. Mmoja akitia maji au mchanga ili kuongeza uzito, aibu ni ya wote. Nabii Amosi, katika sura ya 8, aliwakemea waliopunja vipimo na kuuza takataka za ngano. Maneno yake yanamhusu karani anayechezea mizani, na yanamhusu pia mkulima anayelowesha pamba usiku.

Kwamba jambo hili linawezekana, tunao ushahidi mkoani mwetu. Huko Meatu, mradi wa pamba ya kilimo hai wa bioRe ulianza mwaka 1994 kwa kuandikisha wakulima na kukagua mashamba, na nguo zitokanazo na pamba hiyo zimeweza kufuatiliwa hadi zilikotoka. Kazi hiyo haikuanza kwa mitambo mikubwa. Ilianza kwa daftari lililotunzwa kwa uaminifu.

Hata hivyo, uwazi usiodai haki kwa pande zote ni mzigo mwingine tu begani mwa mnyonge. Tunauliza: nani atalipia upimaji wa mashamba, simu, na mishahara ya waandikaji? Ikiwa gharama hizo zitakatwa katika bei ya kilo, basi mkulima atakuwa amelipia ushuhuda wa uaminifu wake mwenyewe. Mtume Yakobo, katika sura ya 5, anasema kwamba ujira uliozuiliwa wa wavunaji unapiga kelele mbele za Mungu. Pasipoti inayotaja shamba na kunyamazia bei aliyolipwa mwenye shamba itakuwa imesema nusu ya kweli.

Tena, taarifa za mkulima ni mali yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumiwa kwa kazi gani, na ya kutaka zirekebishwe zikiwa na makosa. Asiweke dole gumba asipoelewa. Na jina litakaloandikwa lisiwe la baba peke yake, iwapo mama ndiye aliyepalilia na kuchuma.

Kwa hiyo tunawasihi viongozi wa walei na wa jumuiya ndogo ndogo mambo matatu. Kwanza, waamini walio wanachama wa vyama vya msingi wadai stakabadhi yenye uzito, daraja na tarehe kila wanapouza, na waitunze. Pili, mikutano mikuu ya vyama iulize mapema wanunuzi watachangia nini katika uandikishaji. Tatu, tuwakemee kwa upendo, tena bila kuficha, ndugu zetu wanaochafua pamba.

Mwaka 1999 ulitukuta bila daftari. Swali la pamba limebisha hodi kabla ya kuingia. Tusingoje mpaka mlango wa soko ufungwe ndipo tuanze kutafuta kalamu.